Barua ya wazi kwa mliosoma na daktari wetu marehemu

Wanangu,

Nimesikia mnachanga fedha ili mwanafunzi wa udaktari asome kwa jina la mwenzenu. Mungu awabariki. Nimeona misiba mingi, na najua mikono huwa myepesi kutoa msiba ukiwa bado mbichi. Ndiyo maana nawaandikia mapema, kabla hamjaahidi msichoweza kukitimiza.

Daktari akifariki kijana, anaondoka na mengi aliyokuwa ndiyo kwanza ameyapata. Shahada ya kwanza peke yake huchukua miaka mitano au sita katika nchi nyingi, kisha utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, kisha ubingwa. Sheik Umar Khan wa Sierra Leone alikufa kwa Ebola Julai 2014 akiwa na miaka 39 tu, naye ndiye aliyekuwa akiongoza huduma ya homa ya Lassa, ugonjwa hatari wa virusi, katika hospitali ya Kenema. Ujuzi wa namna hiyo hauachiwi ndugu kwa wosia. Hurithiwa na mwanafunzi. Kwa hiyo wazo lenu nalipenda kuliko mnara wowote.

Sasa neno langu: chukueni mwanafunzi mmoja, mmfikishe mwisho.

Mtatamani kugawa kidogo kidogo kwa watu kumi, kwa kuwa kumi wanaonekana. Lakini ada si mzigo pekee. Mwanafunzi akishaanza kuingia wodini hapati likizo ndefu ya kufanya kibarua. Usiku yuko zamu, na asubuhi anasubiriwa kwenye raundi, koti likiwa safi na stetoskopu shingoni, aeleze mbele ya bingwa hali ya mgonjwa aliyekesha naye. Nauli, pango, chakula, malipo ya mtihani: haya ndiyo humtoa mtu chuoni mwaka wa nne, akiwa ameshaijua nusu ya kazi. Kumlipia mwaka wa kwanza na kumwachia hapo ni kumpandisha mtu mtini kisha ukaondoka na ngazi. Tengeni pia fedha ya mwaka mmoja wa ziada. Kurudia mwaka si jambo geni katika masomo haya, na aliyefeli kwa sababu alikuwa akimuuguza mzazi asifutwe.

Ada ipelekwe chuoni moja kwa moja. Fedha ya kujikimu apewe mwenyewe, kwa wakati, bila kusumbuliwa risiti ya kila nauli. Na nawasihi sana, msimsimamishe kila siku ya kumbukumbu ya marehemu aeleze umaskini wake mbele ya watu. Wala msimlazimishe kufuata fani ya marehemu. Mwenzenu alijichagulia yake, na huyu naye achague.

Kuhusu mfuko wenyewe, nasikia baadhi yenu wanataka uwe wa kudumu. Mkitaka mtaji usiguswe, na kila mwaka mtumie faida yake tu, tuseme asilimia 4 ya mtaji, mnahitaji mtaji wa mara 25 ya gharama za mwanafunzi kwa mwaka. Pigeni hesabu hiyo kikaoni, kila mtu aione. Kama hamfiki, msiuite wa kudumu. Kusanyeni ya mtu mmoja kwa miaka yake yote, atakapohitimu toeni mahesabu, mfunge. Hakuna aibu hapo.

Na yaandikwe: wadhamini ni nani, benki inataka saini ngapi, nani anakagua, salio liende wapi. Alfred Nobel, mvumbuzi wa Uswidi, alikufa mwaka 1896 akiwa ameacha utajiri mkubwa kwa ajili ya tuzo ziitwazo kwa jina lake, lakini chombo cha kuzisimamia fedha hizo hakikuwepo. Ndugu zake wakaupinga wosia, na tuzo za kwanza hazikutolewa hadi 1901. Ninyi leo mnapendana, na hapo ndipo kuandikiana kunakuwa rahisi. Anayesema "sisi kwa sisi tunaaminiana" mjibuni kwa upole, kisha mwandike.

Bado jambo moja, nalo litangulie yote. Jina mnalotaka kuliweka kwenye mfuko mama yake ndiye aliyelitoa. Kabla hamjatangaza chochote, nendeni kwake wawili au watatu, si kundi zima, mkamwombe ruhusa. Akisema bado, subirini. Akikubali, mwulizeni angependa asaidiwe mwanafunzi wa namna gani, muandike maneno yake kama atakavyoyasema. Kisha nileteeni rasimu ya katiba ya mfuko tuipitie pamoja.

Mzee wenu