Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini: kero zetu zipewe namba na majibu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu kazi ambayo Kamati yako huifanya kila mwaka, lakini ambayo sisi tunaoishi kando ya migodi ya Kanda ya Ziwa hatuoni mwisho wake, nayo ni kupokea kero za sekta ya madini. Nia ya wajumbe siitilii shaka. Ninachohoji ni kinachofuata msafara ukishaondoka.

Ziara zenyewe unazifahamu. Wajumbe huvalishwa kofia ngumu na viakisi, husomewa taarifa ya mgodi ukumbini, hutembezwa shimoni na mtamboni, kisha jua likiwa limeelekea magharibi ndipo hukutanishwa na wananchi. Katika ziara moja niliyohudhuria, mama mmoja alisimama akiwa na fomu ya uthamini mkononi, yaani makadirio ya thamani ya mali yake kwa ajili ya fidia. Nyumba yake ilikuwa imewekwa alama ya X kwa rangi nyekundu, miembe na migomba yake imehesabiwa shina kwa shina, na tangu siku hiyo amezuiwa kuendeleza chochote, hata kubadilisha bati linalovuja. Aliulizwa maswali mazuri, mjumbe mmoja akaandika kwenye daftari, na akaambiwa kwamba Kamati imelichukua. Limepelekwa wapi baada ya kuchukuliwa, hakuna aliyemweleza, na hadi leo hana hata kipande cha karatasi kinachoonesha kwamba aliwahi kusikilizwa.

Kuchelewa huku kuna gharama ya kisheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, vinginevyo inaanza kudai riba, na uthamini wenyewe hukoma baada ya miaka 2. Maana yake ni kwamba lalamiko likilala kabatini Dodoma kwa muda huo, mlalamikaji hurudishwa mwanzo kabisa, ahesabiwe tena, angojee tena, na bati lile lile liendelee kuvuja.

Wapo wengine ambao hata kwenye mkutano wa hadhara hawafikiwi. Kwenye machimbo madogo, mawe yakishatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji wenyewe na mara nyingine mwenye shamba. Kamati ikitaka kusikia wachimbaji wadogo, huwaita viongozi wa vyama vyao, na wengi wao ni wenye leseni. Ni nadra mwenye leseni kuwasilisha kwa moyo mkunjufu malalamiko ya watu anaogawana nao mawe (sisemi kwa ubaya, ndivyo binadamu tulivyo). Anayedhulumiwa mgao hana leseni, na asiye na leseni hana meza ya kuketi.

Usinielewe kwamba Bunge haliwezi. Mwaka 2017 Spika Job Ndugai aliunda kamati maalumu za tanzanite na almasi, na ilipofika Septemba mwaka huo huo taarifa zote mbili zilikuwa zimekabidhiwa Serikalini. Lakini pale lililokuwa likitafutwa ni pato la Taifa. Kero za wachimbaji wadogo kuhusu kodi zilisubiri hadi Januari 2019, walipokutana na Rais Magufuli Dar es Salaam. Wiki chache baadaye Bunge likapitisha mabadiliko ya kuwaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Hata hivyo, wananchi walijifunza kwamba kero husikika ikiandikwa kwenye bango na kusimamishwa barabarani msafara wa Rais unapopita, ilhali Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu.

Kwa hiyo naomba kila lalamiko linalopokelewa na Kamati lisajiliwe, mlalamikaji apewe namba, na nakala ibaki katika ofisi ya kata na kwa Afisa Madini Mkazi. Taarifa ya mwaka ya Kamati ioneshe lipi limejibiwa, lipi halijajibiwa na nani anayelikwamisha, maana maneno "Serikali iendelee kutatua migogoro" hayambani mtu yeyote. Naomba pia sehemu ya kila ziara itengwe kwa wananchi kuzungumza bila uongozi wa mgodi wala wa wilaya kuwapo.

Kama yote hayo hayawezekani kwa pamoja, anzeni na uthamini: Kamati imtake Mthamini Mkuu wa Serikali awasilishe orodha ya maeneo ya migodi ambako miaka 2 inakaribia kutimia na fidia haijalipwa, na wenye migodi hiyo waitwe Dodoma kabla ya tarehe hizo kupita.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchimbaji mdogo, Mkoa wa Geita