Kitako cha kaboni kina ufa: ninunue au niache?

Ndugu mshauri, salamu kutoka Lindi.

Nina bunduki, Remington 700 ya risasi za .30-06, yenye leseni, kitako chake ni cha mti. Mvua zikianza mti unavimba, unausukuma mtutu, na risasi zinahama hata kama darubini haijaguswa. Nimepata kitako cha kaboni (nyuzi za kaboni zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi) kilichotumika, kina gramu 800 hivi, muuzaji anataka laki sita.

Vipimo vimekubali. Ni cha mashine ndefu, yaani ile sehemu ya chuma nyuma ya mtutu inayopokea risasi na kufungwa kwenye kitako kwa skrubu. Kingekuwa cha mashine fupi, kama ya risasi za .308, matundu ya skrubu yasingekutana. Karatasi inapita bila kukwama kati ya mtutu na mfereji wake.

Kinachonitia wasiwasi kiko nyuma ya skrubu ya nyuma, pale kiganja kinaposhika. Kuna mstari mweupe, mwembamba kama unywele, sentimita 2 hivi. Muuzaji anasema ni rangi tu. Nimegonga kwa sarafu ya mia mbili, sentimita kwa sentimita: kwingine inalia kali, hapo inatoa sauti butu, kama tabaka za kaboni zimeachana. Ndani, bomba la alumini linalopokea skrubu hiyo linazunguka nikilisukuma kwa kidole, na pembeni yake pana unga mweupe. Kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo kwenye hewa ya chumvi kama yetu alumini inayoigusa huliwa. Bomba likilegea, skrubu inaibana kaboni yenyewe, na kila teke la bunduki linaipasua zaidi.

Gundi ya epoksi inayolaliwa na mashine nitaibadilisha vyovyote vile, maana ilimwagwa kwa bunduki ya mtu mwingine. Nitakwangua milimita 2, nipake nta kwenye chuma chote isije ikagandia humo, nimwage mpya, niiache saa 24, kisha nikaze skrubu kwa nyutoni-mita 7 hivi. Hiyo kazi naiweza.

Nisichokiweza kukiamua ni huo ufa. Je, nikitoboa vitundu vya milimita 1 na kuingiza epoksi nyepesi kwa sindano, tabaka zitashikana kiasi cha kuhimili teke la .30-06, au zitaachana tena? Bomba jipya liwe la chuma kisichoshika kutu, au alumini iliyozungushiwa epoksi pande zote inatosha? Na kama kinatengenezeka, laki tatu ni bei ya haki?

Msomaji wenu,
Lindi