Kibao cha mwendo hakitoshi kwenye barabara za chuo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usalama wa barabara ndani ya vyuo vikuu, jambo linalokumbukwa mwanafunzi anapogongwa na kusahaulika msiba ukishapita.

Barabara ya chuo huwa tupu kwa muda mrefu, kisha kipindi kinapokwisha mamia ya wanafunzi hutoka kwa pamoja kwenye kumbi za mihadhara, wengi wao wakikatisha mahali panapofupisha njia wala si palipochorwa kivuko. Dereva aliyezoea utupu ule hukutana na umati akiwa na mwendo uleule. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, gari husogea takriban mita 14 katika sekunde moja ya kutambua hatari, kabla mguu haujagusa breki. Akiwa kwenye kilomita 30, husogea mita 8 hivi. Tena, baada ya breki kushika, gari la mwendo wa 50 huhitaji karibu mara tatu ya umbali unaohitajiwa na lile la 30 ili lisimame. Ndiyo maana Azimio la Stockholm, lililotolewa na mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani Februari 2020, lilihimiza kikomo cha kilomita 30 pale ambapo magari huchangamana na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Vyuo husimamisha vibao vya kikomo hicho na kuona kazi imekwisha. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva akimbie, hata kibao kiseme nini. Vivuko viinuliwe vilingane na njia ya miguu, barabara zibanwe karibu na maktaba na mabweni, na magari ya mizigo yaingie kabla ya vipindi kuanza.

Waendesha baiskeli hulaumiwa kwa kupita kwenye njia za waenda kwa miguu, ilhali wengi wao hukimbilia huko kwa kuogopa magari. Wapewe njia yao. Nao wawe na taa usiku, wavae kofia ngumu, na wasijibane ubavuni mwa basi linalokata kona, kwa kuwa dereva hawaoni.

Wanafunzi wenzangu, nawasihi mwondoe macho kwenye simu mnapovuka. Lakini sikubali lawama ianzie kwetu, kwa sababu uzembe wa anayetembea humdhuru zaidi yeye mwenyewe, na uzembe wa dereva humuua mwingine.

Naomba viongozi wa vyuo, kabla ya mwaka mpya wa masomo, wazipite barabara hizo kwa miguu, wakati wa kubadilishana vipindi na tena baada ya giza kuingia, wakiongozana na wanafunzi, wakiwemo wasioona na wanaotumia viti vya magurudumu, kisha watangaze ni wapi patarekebishwa na lini.

Wako,
Mwanafunzi mwendesha baiskeli