Usijinyime chakula, mwanangu

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata kupitia kwa shangazi yako, marahaba. Ndiye aliyeniambia kwamba unashinda dukani bila kutia kitu mdomoni, ukiogopa tumbo lisije likakukimbiza chooni mbele ya wateja. Haya si mambo ya kupayuka kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Kula, baba. Ukishinda na njaa utumbo hautulii. Unajaa gesi, choo kinazidi kuwa maji, na mwili unakosa cha kujengea kidonda.

Taifodi ilipokutoboa utumbo mwembamba, madaktari waliutoa nje ya tumbo, choo kikawa kinaishia kwenye mfuko. Miezi yote ile utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji, ulikaa bure. Sasa wameuunganisha, na umekuwa kama mfereji wetu wa kihamba, lile shamba la nyumbani, uliokauka muda mrefu: maji yakifunguliwa hufurika huku na kule kabla hayajashika njia. Kwenda haja mara nyingi kwa siku, hata kushtuka usiku choo kimeshatoka, si dalili kwamba operesheni imeharibika. Hupungua taratibu, kwa wiki na miezi. Wanaokatwa puru, yaani mwisho wa utumbo mpana karibu na njia ya haja, kwa sababu ya saratani ndio husumbuka zaidi. Lako lipo zima, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapopiga magoti.

Kula kidogo kidogo, hata mara 5 au 6 kwa siku, na utafune mpaka chakula kilainike. Mtori mwepesi usio na pilipili utakufaa sana. Wali mweupe, viazi, ndizi mbivu na mkate mweupe husaidia choo kishike, na yai au samaki atakurudishia nguvu. Makande na kiburu najua unavipenda, lakini mahindi na maharage yasubiri kwanza, pamoja na kabichi. Siku ya kuvirudisha, anza na kimoja, vijiko viwili vitatu, usikilize tumbo. Choo kikiwa maji, kunywa ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji inayouzwa duka la dawa, si soda. Sukari nyingi huzidisha kuharisha. Ipo dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, loperamidi, ila muulize daktari kwanza, usiinunue kwa kusikia.

Shangazi anasema unakaa kwa upande. Usione haya, mimi ndiye niliyekuogesha. Choo cha sasa huchubua ngozi. Acha kusugua kwa karatasi. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, kisha upake krimu ya zinki. Na ule ubanaji wa misuli ya njia ya haja waliokufundisha, fanya kila siku hata ukiwa umekaa kaunta, maana ndio utakaokurudishia uwezo wa kujizuia. Nguo ya akiba iwe kwenye begi lako, utatembea moyo ukiwa umetulia.

Mwambie tajiri wako wazi kwamba kreti za soda hutazigusa. Daktari akisema wiki 6, ni wiki 6, na ndoo ya lita 20 imo humo humo. Pale ulipokuwa mfuko misuli bado ni laini, ukijitutumua utapata ngiri na kurudi tena kitandani. Kutembea ni vizuri, tembea.

Lakini tumbo likivimba na kuuma sana, ukatapika, choo na hewa vikagoma kutoka, au ukapata homa, au kidonda kikatoa usaha, usingoje tarehe ya kliniki wala usimeze mti shamba wa mtu yeyote. Muamshe shangazi hata kama ni usiku wa manane mwende hospitali. Na kliniki ikifika, mweleze daktari ukweli: unakwenda mara ngapi, usiku inakuwaje, uzito umeshuka kiasi gani. Usimwambie "naendelea vizuri" halafu uje kulia chumbani.

Nimekutumia mkungu wa mshare kwa Coaster ya kesho asubuhi, na nyama shangazi atanunua huko huko. Ukifika stendi usiunyanyue wewe. Kijana wa bajaji aupakie na kuushusha mpaka jikoni. Shangazi akishapika, nipigie uniambie umekula bakuli ngapi.

Mama yako