Mbona ramani yangu ina vidoadoa?

Swali hili hutufikia karibu kila tunapokabidhi ramani ya matumizi ya ardhi iliyotokana na picha za setilaiti. Mteja anafungua faili, anakuza shamba lake la miwa kule Kilombero, anakuta pikseli moja (kimraba kidogo kabisa cha picha) katikati imeandikwa msitu na nyingine imeandikwa maji. Maji ya wapi tena?

Picha za Sentinel-2 tunazotumia zina pikseli za mita 10 kwa 10, na programu huipa kila pikseli jina bila kuwauliza majirani. Kivuli cha wingu, mti mmoja mkubwa, au ukingo wa shamba na barabara vinatosha kuipotosha programu.

Dawa ya kwanza ni kichujio cha walio wengi. Dirisha la pikseli 3 kwa 3 linapita juu ya ramani likihesabu: miwa tano, mpunga tatu, maji moja. Ile ya katikati iliyokuwa maji inakuwa miwa. Hapo inapigwa kura, hautafutwi wastani, na wanaojaribu wenyewe hujikwaa papo hapo. Ndani ya faili kila aina ya ardhi ni namba tu: msitu ni 1, maji ni 3, makazi ni 5. Chukua wastani wa msitu na makazi, utapata bwawa mahali pasipo hata na kisima!

Kura nayo ina dhuluma yake. Mto wenye upana wa pikseli moja unapata kura tatu dhidi ya sita za mashamba ya pande zote mbili, unafutika. Upande mmoja ukiwa msitu na wa pili shamba, inakuwa tatu kwa tatu kwa tatu. Kuna programu zinazoiacha pikseli ilivyokuwa, na kuna zinazochagua namba ndogo kabisa. Kwa mfano wetu, mto unageuka msitu.

Ndiyo maana siku hizi tunapendelea kuchekecha. Kipande kilicho chini ya kiwango tulichoweka kinamezwa na jirani yake mkubwa, na mipaka mingine haiguswi. Ila mto ukienda mshazari, lazima programu iambiwe kwamba pikseli zinazogusana kwa pembe ni kipande kimoja, la sivyo unakatika vipandevipande na vyote vinaondoka na makapi.

Kiwango chenyewe hatukikisii. Pikseli 50 ni nusu hekta: kwa shamba la miwa hakuna shida, lakini kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) cha nusu eka kule Marangu, Kilimanjaro, kina pikseli kama 20, kwa hiyo kingetoweka chote. Unapoagiza, tuambie kitu kidogo kabisa ambacho hutaki kipotee, kiwe kihamba, kijito au njia ya ng'ombe.

Tunakukabidhi mafaili mawili. Lililolainishwa ni la kuchapa na kubandika ukutani. Hekta usizihesabie humo, kwa sababu vitu vidogovidogo vimeshapunguzwa. Tumia lile ghafi pamoja na jedwali la usahihi linaloambatana nalo.