Tuhesabu zana zinazofanya kazi, si zinazopita kwenye gwaride

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huzungumzwa kwa shauku kila baada ya sherehe za kitaifa, kisha likasahaulika mpaka sherehe nyingine, nalo ni zana na silaha za jeshi letu. Aprili 26, 2014, Muungano ulipotimiza miaka 50, wengi wetu tulikaa mbele ya televisheni tukaziona zana nzito zikipita Uwanja wa Uhuru, na mioyo yetu ikajaa. Wangu pia ulijaa. Lakini nimekuwa fundi wa injini za dizeli kwa miaka 34, na kazi hiyo imenizoesha kulitazama gari lolote kwa swali moja kabla ya mengine: je, kesho alfajiri litawaka?

Swali hilo ndilo ninaloomba liulizwe juu ya zana za jeshi. Nchi yenye mfuko mdogo haiwezi kushindana na mataifa makubwa kwa idadi ya vifaru wala ndege, na haina haja ya kushindana. Inachoweza, ikiamua, ni kuhakikisha kwamba kile kidogo ilichonacho kinafanya kazi siku ya kuitwa, na kwamba hakiwi hatari kwa raia wake siku zote nyingine.

Historia yetu wenyewe inalionyesha hili. Mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, neno alilolitanguliza lilikuwa uwezo. Uwezo huo haukuwa wingi wa silaha. Kwa hesabu ya karatasi Amin alikuwa na ndege za MiG na vifaru vya kutosha kumtia hofu jirani yeyote, ila nguvu yake ilitegemea washauri na vipuri kutoka nje, na vita vilipoanza Muungano wa Kisovieti uliwaondoa washauri wake na kusitisha kumpelekea silaha. Upande wetu, malori na mabasi ya kiraia yalichukuliwa yakabeba askari na shehena kuelekea Kagera, na kwa kuwa daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, wahandisi wa jeshi walilazimika kutafuta njia nyingine ya kuvusha vifaru na malori kabla ya kikosi chochote kusonga mbele.

Watu wa rika langu wanaikumbuka Saba Saba, ule mtambo wa maroketi wa BM-21 ambao mlio wake peke yake uliwakimbiza askari wa Amin. Mtambo ule una mabomba 40 ya milimita 122, huyamaliza yote kwa muda wa sekunde 20 hivi, na roketi zake hufika takriban kilomita 20. Anayeusimulia huanzia na kuishia kwenye mabomba. Mimi hutazama kilicho chini yake, maana kwa kawaida mabomba hayo hukaa juu ya lori la Ural 375, gari lenye injini kubwa ya petroli inayokunywa mafuta bila huruma, lenye magurudumu sita yote ya kusukuma, na lenye mipira, mabomba ya mafuta na mfumo wa breki unaochakaa kama wa lori lingine lolote. Lori hilo lisipowaka, Saba Saba ni chuma kilichoegeshwa. Waliofika Kampala Aprili 11, 1979 walifikishwa pia na mafundi waliolala chini ya magari kwenye tope la masika, na ni nadra kuwasikia wakitajwa.

Naomba nieleze nilichokiona kwa macho yangu, ingawa hakikuwa jeshini. Katika karakana moja niliyowahi kufanya kazi, paliletwa lori jipya la magurudumu sita, likapokelewa kwa hati zote na kupigwa picha. Baada ya miezi michache pampu yake ya dizeli ikaharibika. Kipuri chake hakikupatikana nchini, fungu la kukiagiza halikuwepo, na lori likasogezwa chini ya mwembe. Nilipokuja kuliinamia baada ya miaka miwili, nilishika mpira wa breki wa gurudumu la mbele ukakatika mkononi kama kijiti kikavu. Matairi yalikuwa na nyufa zinazopitisha kucha, na kipimo cha mwendo kilikuwa hakijafika kilomita 9,000. Gari lile halikuuawa na kazi, lilikufa kwa kusimama. Katika daftari la mali, hata hivyo, liliendelea kuandikwa kuwa lori moja, sawa na mengine yanayotembea.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa jeshi, kwa sababu silaha za nchi kama yetu zimekusanywa kutoka kwa marafiki mbalimbali kadiri siasa za dunia zilivyobadilika. Miaka ya mwanzo baada ya Jeshi la Wananchi kuundwa Septemba 1, 1964, Wakanada walisaidia mafunzo na ndege za uchukuzi aina ya Caribou. Baadaye Wachina wakawa wafadhili wakubwa, na zana za Kisovieti zikaja pia. Kifaru cha Type 59 cha Wachina kilinakiliwa kutoka T-54 ya Wasovieti, kwa hiyo fundi aliyekizoea kimoja hapotei akikifungua kingine. Lakini kifaru chepesi cha Scorpion, kilichobuniwa na Waingereza, kilitoka kiwandani kikiwa na injini ya petroli ya Jaguar. Hapo spana ni nyingine, vilainishi ni vingine, na kitabu cha maelekezo ni cha lugha nyingine. Kila aina mpya inayoongezwa hudai ghala lake la vipuri, mafundi wake na mafunzo yake, na bei hiyo haionekani kwenye mkataba wa ununuzi. Ndiyo maana napenda kusikia habari za mashirika ya jeshi, la Nyumbu la magari pale Kibaha na la Mzinga la risasi pale Morogoro, kuliko habari za manunuzi. Nchi inayoweza kuchonga gia na kukarabati sanduku la gia kwa mikono ya vijana wake ina kitu ambacho hakuna mfadhili anayeweza kukisitisha.

Sasa nije kwenye mabomu na risasi, ambako uzembe haulazi gari tu chini ya mwembe. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, na Februari 16, 2011 yakalipuka mengine Gongo la Mboto. Katika kila tukio walikufa watu zaidi ya 20, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakaachwa bila makazi. Usiku ule wa Gongo la Mboto uwanja wa ndege ulifungwa, na wazazi walipotezana na watoto wao gizani. Maputo, katika ghala la Malhazine, walikufa watu zaidi ya 100 Machi 22, 2007. Brazzaville, katika kambi ya Mpila, walikufa zaidi ya 200 Machi 4, 2012. Bata, katika nchi ndogo ya Guinea ya Ikweta, zaidi ya 100 Machi 7, 2021. Na lililo baya kuliko yote ni lile la Ikeja, Lagos, Januari 27, 2002, ambako watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha, wengi wao wakizama kwenye mfereji walipokuwa wakiukimbia moto. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeuawa na adui wa nchi yake.

Naomba wasomaji waelewe kwamba bomu lililowekwa ghalani halijalala. Baruti inayorusha kombora hutengenezwa kwa naitroselulosi, ambayo huoza polepole yenyewe kwa yenyewe na kutoa joto. Kiwandani huchanganywa na kemikali ya kuituliza, lakini kemikali hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na hupungua haraka zaidi panapokuwa na joto kali. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo sanduku lililokaa miaka 30 chini ya bati katika joto la Dar es Salaam si sawa na sanduku la umri huohuo lililokaa Ulaya kaskazini, hata kama namba za kiwandani zilizopigwa ubavuni zinafanana. Njia ya kujua ni moja, nayo ni kuchukua sampuli mara kwa mara, kuipima maabara, na kuharibu kwa utaratibu shehena iliyochoka. Umoja wa Mataifa una miongozo ya kiufundi kuhusu kazi hiyo, ikiwa ni pamoja na umbali unaotakiwa kati ya ghala na ghala, na kati ya ghala na nyumba za watu. Katika miji yetu, kambi nyingi zilijengwa porini, kisha mji ukazifuata. Kosa hilo si la askari peke yao. Aliyegawa viwanja karibu na uzio anahusika, na aliyejenga bila kuuliza anahusika.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni siri za jeshi na raia hapaswi kuzigusa. Naiheshimu hoja hiyo, na siombi idadi ya makombora itangazwe gazetini. Hata hivyo, taasisi za nje huchapisha kila mwaka orodha za silaha za karibu kila nchi duniani, kwa hiyo jina la kifaru chetu si siri kwa anayetutakia mabaya. Kinachohitajika ni mtu mwenye mamlaka, aliyekula kiapo, aulize na ajibiwe. Utaratibu wenyewe majeshi yetu wanaujua tayari. Nchi inapopeleka kikosi cha kulinda amani, kama sisi tulivyopeleka Kongo tangu 2013, Umoja wa Mataifa hulipia zana kubwa kwa sharti kwamba ziwe zinafanya kazi, na wakaguzi hufika kambini kuzitazama. Gari la deraya ambalo halitembei halilipiwi kana kwamba linatembea. Sioni kwa nini kipimo tunachokikubali tukiwa ugenini kisitumike nyumbani.

Ombi langu kwa wabunge wa kamati inayosimamia ulinzi ni kwamba, kabla ya kupitisha bajeti ijayo, wapewe katika kikao cha faragha mambo matatu kwa maandishi: katika kila aina ya gari, kifaru na mtambo, ni vingapi vinaweza kuondoka kambini ndani ya saa 24; ni shehena gani za risasi na mabomu zimepita umri wake, na zitaharibiwa lini; na ni maghala yapi yaliyo karibu na makazi kuliko inavyoruhusiwa. Baada ya hapo fungu la vipuri, matengenezo na maabara ya baruti liwekwe peke yake, lisiguswe hata pale fedha za ununuzi zinapopungua. Na panaponunuliwa zana mpya, mkataba ubebe vipuri vya miaka kumi na mafunzo ya mafundi wetu, hata kama ni kwa kununua vifaru vinane badala ya kumi.

Wako,
Fundi mstaafu,
Morogoro