Milia ya Spitfire ianze, isiwe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wanaounda modeli za Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya Juni 1944, ile yenye milia myeupe na myeusi kwenye mabawa na kuzunguka bodi karibu na mkia. Wengi huipaka mwisho, kwa kuwa kwenye ndege halisi ilipakwa juu ya rangi za maficho, siku chache kabla ya uvamizi wa Normandy. Kwenye plastiki mpangilio huo huharibu kazi. Nyeupe haifuniki vizuri. Juu ya kijani utairudia mara sita, na unene wake utabaki kama ngazi unayoihisi kwa ukucha.

Modeli ikishaungwa na kupigwa msasa, ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Mafuta ya vidole ndiyo hufanya utepe wa kufunikia ung'oke na rangi. Paka praima (rangi ya msingi) ya kijivu hafifu, halafu nyeupe mara tatu, nyepesi nyepesi, penye milia tu. Iache siku nzima.

Kwa ndege ya injini moja kila mlia ulikuwa inchi 18: mitatu myeupe, miwili myeusi katikati yake. Kwa skeli ya 1:72 (modeli ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) hiyo ni milimita 6.35, yote mitano karibu 32. Kwa 1:48 ni 9.5 na karibu 48. Pima kwanza upana wa yote mitano. Ukipima mmoja mmoja, kosa la nusu milimita hujirudia hadi mlia wa mwisho unaingia kwenye duara la alama ya taifa kwenye bawa.

Ukishabandika utepe juu ya milia itakayobaki myeupe, pitisha nyeupe tena kwenye kingo zake kabla ya nyeusi. Kitakachopenya chini kitakuwa nyeupe, hakitaonekana. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayookoa kazi. Bandua utepe kabla nyeusi haijakauka kabisa, ukiukunja kurudi nyuma taratibu.

Sasa funika milia yote, upake kijivu cha tumboni, kisha kijivu na kijani cha mgongoni. Stika za maji (alama zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) zisubiri vanishi ya kung'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake na kuonekana kama ukungu wa fedha. Vanishi isiyong'aa ije baada ya stika.

Wala msihangaike kunyoosha kingo kupita kiasi. Milia halisi ilipakwa kwa haraka, mingi kwa brashi, na ilipinda.

Msomaji wenu,
Mpenzi wa modeli za ndege